Kusubiri saa tisa Amsterdam na watoto watatu: tutoke mjini au tubaki uwanjani?

Baba_Watatu

Wakuu, habari zenu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua Amsterdam. Mwishoni mwa Aprili tunarudi Minneapolis tukitokea Dar, tiketi ni moja hadi mwisho. Ndege inatua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, saa 1:00 asubuhi, na ile ya Minneapolis inaruka saa 10:10 jioni siku hiyohiyo. Tuko watano: mimi, mke wangu, na watoto wa miaka 14, 9 na 3. Mimi na watoto tuna pasipoti za Marekani. Mke wangu ana pasipoti ya Tanzania na Green Card (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani).

Wakala aliyetukatia tiketi anasema Green Card inamtosha mke wangu kutoka nje ya uwanja na kurudi. Ni kweli? Na ukiondoa foleni za kutoka na kurudi, mjini tunabaki na muda gani hasa? Mkubwa anataka nyumba ya Anne Frank (msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Wanazi), wa kati anataka boti, mama yao anataka Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa. Wa miaka 3 anataka kubebwa. Mabegi ya mkononi tuyaache wapi, na treni inalipiwaje? Chakula chetu ni halali.

Pasi_na_Muhuri

Nianze na Green Card, maana mengine yote yanategemea hapo. Wakala amechanganya vitu viwili. Green Card humwondolea mtu viza ya kupita uwanjani, ile wanayodaiwa raia wa baadhi ya nchi hata wasipotoka nje ya jengo. Kongo (DRC) na Somalia zimo kwenye orodha hiyo ya pamoja ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), hivyo Mkongomani mwenye Green Card anaunganisha ndege bila kuombwa chochote. Inaishia hapo. Ukifika dirisha la uhamiaji kutaka kuingia Uholanzi, wanaangalia pasipoti. Ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, zote zinadaiwa viza ya Schengen ya muda mfupi, aina C, hata kama mtu anatoka kwa saa mbili tu kula chipsi. Na msitegemee kupewa pale dirishani.

Nyinyi wanne mnaingia bila viza, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180.

Mke wako aombe akiwa Marekani anakoishi kisheria. Asingoje kufika Dar likizo. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 za kalenda, ila kinachokwamisha watu wengi ni miadi ya kupeleka makaratasi, siyo uamuzi wenyewe. Pasipoti hubaki kwao wakati ombi linashughulikiwa, kwa hiyo hesabu nyuma kuanzia siku mnayoondoka Minneapolis, siyo siku mnayofika Amsterdam. Anahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na yenye angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku ya kutoka Schengen, na tiketi inayoonyesha kuingia na kutoka. Kama mnataka kutembea Amsterdam pia wakati wa kwenda Dar, aombe viza ya kuingia mara mbili. Akipata ya mara moja akaitumia kwenda, wakati wa kurudi atabaki ndani.

Jambo la pili, mpakani. Mfumo mpya wa Ulaya ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025 umekuja kuchukua nafasi ya muhuri: picha ya uso na alama za vidole. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, picha tu. Usajili wa mara ya kwanza ndio unaokula muda, na kwa familia ya watano huo muda unaonekana.

Reli_ya_Chini

Visa vya viza vimeelezwa vizuri. Mimi nashika saa.

Saa tisa za kwenye tiketi zinazaa kama saa tatu na nusu mjini. Ndege ikitua saa 1:00, watoto na mabegi wanakuwa nje ya mlango wa ndege saa 1:25. Asubuhi ndiyo wakati ndege za Afrika na Amerika zinatua kwa pamoja, kwa hiyo uhamiaji wape hadi saa 2:15. Choo, makabati ya mizigo, kushuka kwenye treni: saa 2:45. Mko Amsterdam Centraal saa 3:00 asubuhi. Kurudi, hesabuni kutoka mwisho: ndege saa 10:10, ndege za Marekani huanza kupakia mapema na getini kuna maswali ya ziada na ukaguzi wa hati, kwa hiyo muwe getini saa 8:50 mchana. Uhamiaji wa kutoka, ukaguzi wa usalama na kutembea hadi geti, wekeni saa moja na nusu. Schiphol ni jengo moja kubwa na magati ya mwisho yako mbali kweli. Ongeza dakika za kufungua kabati. Treni ya kurudi isipite saa 6:40 mchana.

Kama ndege ya Dar itachelewa zaidi ya saa moja na nusu, futeni safari ya mjini bila majadiliano. Kaeni uwanjani, kuleni, laleni.

Mizigo mikubwa: tiketi ikiwa moja, hakikisheni Dar wanabandika lebo yenye MSP (Minneapolis), siyo AMS (Amsterdam). Someni lebo wenyewe pale kaunta. Mabegi ya mkononi yawekeni kwenye makabati ya chini ya ardhi, kati ya Arrivals 1 na Arrivals 2, kabla ya kushuka kwenye treni. Kuna makabati pia Amsterdam Centraal, lakini bora ya Schiphol: mkichelewa mjini, hampotezi muda kurudi kuchukua begi upande mwingine wa kituo.

Treni: kituo kiko chini ya uwanja wenyewe, unashukia katikati ya Schiphol Plaza. Safari ni kama dakika 15 hadi 17. Kosa la kawaida ni kupanda treni yoyote iliyoandikwa Amsterdam. Nyingine zinakwenda Amsterdam Zuid, ambayo ni kusini mwa jiji, hazifiki Centraal. Tazama ubao hadi uone neno Centraal.

Malipo: unagusisha kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, ya debiti au krediti, kwenye nguzo ya kusomea kabla ya kushuka jukwaani, na unagusisha tena unapotoka. Hapa pana mitego mitatu. Kila mtu na kadi yake. Kadi moja haibebi watu wawili. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu zinahesabiwa kuwa mbili tofauti, kwa hiyo ukiingia na simu toka na simu. Na ukisahau kugusisha wakati wa kutoka treni, unakatwa euro 20. Usiegeshe pochi nzima kwenye nguzo, inaweza kusoma kadi nyingine.

Kwa familia yako: wa miaka 14 analipa kama mtu mzima, awe na kadi yake au mnunulie tiketi kwenye mashine. Wa miaka 9 ana tiketi ya watoto iitwayo Railrunner, euro 2.50 kwa siku nzima, mradi awe na mtu mzima. Wa miaka 3 bure. Zile tiketi za siku zinazounganisha treni, basi na tramu achaneni nazo. Kwa kwenda na kurudi na tramu moja, kugusisha kadi ni rahisi zaidi na ni nafuu.

Mwishoni mwa Aprili, tarehe ni ngapi hasa? Tarehe 27 ni Siku ya Mfalme, sikukuu ya taifa ya Uholanzi, na hapo mpango wote unabadilika.

Mfereji_wa_Tatu

Boti, nyumba ya Anne Frank na Rijksmuseum kwa saa tatu na nusu? Haiwezekani. Chagueni kimoja cha ndani na kimoja cha nje.

Anne Frank kwanza, kwa sababu tiketi zake hazingoji mtu. Zinauzwa mtandaoni tu, hakuna kaunta mlangoni. Kila Jumanne saa 4:00 asubuhi ya Amsterdam wanafungua tiketi za wiki ya sita mbele. Kwa safari ya mwishoni mwa Aprili hiyo ni katikati ya Machi, ambapo Dar ni saa 6:00 mchana na Minneapolis ni saa 10:00 alfajiri. Zinaisha haraka. Ndani ni kama saa moja, ngazi zimesimama wima kama za kupandia darini, na kigari cha mtoto hakiingii. Mtoto wa miaka 14 anayejua habari yenyewe ataondoka na kitu. Wa miaka 3 atawasumbua wote kwenye vyumba vidogo ambavyo watu wanapita kimya. Mzazi mmoja aingie na mkubwa, mwingine abaki nje na wadogo. Wakikosa tiketi, nyumba yenyewe inaonekana kwa nje, Prinsengracht 263, na mlango wa wageni uko Westermarkt, pembeni tu.

Mimi ningefanya hivi. Tokeni Centraal kwa mlango wa mbele, upande wa mji. Nyuma ni upande wa maji ya IJ. Geukeni muone kituo: kimejengwa na Pierre Cuypers, kikafunguliwa 1889, na kimesimama juu ya nguzo 8,687 za mbao zilizopigiliwa kwenye tope. Fuateni Damrak moja kwa moja hadi uwanja wa Dam, dakika 10 kwa mwendo wa mtoto. Damrak yenyewe ni maduka ya zawadi mabaya na chipsi za bei, msisimame. Pale Dam kuna jumba la kifalme ambalo lilijengwa kuanzia 1648 kama ukumbi wa jiji, nalo lina nguzo 13,659. Mwambieni wa miaka 9 idadi hiyo, kisha mwambieni kwamba mji mzima wa zamani umesimama hivyo. Ataanza kutazama nyumba zilizoinama kwa jicho jingine.

Kutoka Dam shikeni Raadhuisstraat nyuma ya jumba. Mtavuka Herengracht na Keizersgracht, kisha mtafika Prinsengracht, mifereji mitatu iliyoanza kuchimbwa 1613 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 2010. Simameni kwenye daraja la pili. Tazameni juu ya kila nyumba: kuna boriti yenye ndoana. Ngazi za ndani ni nyembamba, kwa hiyo samani hupandishwa kwa kamba nje na kuingizwa dirishani, hadi leo. Nyumba nyingi zimejengwa zikiegemea mbele kidogo makusudi, mzigo usigonge ukuta.

Baada ya dakika 10 mko Westermarkt, chini ya mnara wa Westerkerk, kanisa alimozikwa mchoraji Rembrandt mwaka 1669. Boti za kuzunguka zinapatikana hapo karibu na pia mbele ya Centraal. Safari ni dakika 60 hadi 75, mtu mzima kati ya euro 15 na 25 kutegemea kampuni na saa, watoto nusu au bure kwa wadogo. Nunueni ya saa maalumu mtandaoni, ya saa 4:00 au 4:30. Ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa: ina paa la kufungwa, na ina choo? Boti ndogo za wazi zinapendeza kwenye picha, ila mvua ya Aprili haisubiri picha. Boti nyingi humalizia palepale zilipoanzia, hivyo mkipandia Westermarkt mtashukia Westermarkt.

Baada ya hapo teremkeni kwa vichochoro vya Negen Straatjes hadi Spui, mle, kisha tramu ya 2 au 12 kurudi Centraal. Tramu na mabasi hayapokei fedha taslimu, ni kadi tu, na kule pia unagusisha kupanda na kushuka.

Eneo la Oude Kerk, mashariki ya Damrak, lina kanisa la zamani kuliko jengo lolote la jiji, lililowekwa wakfu 1306, lakini limezungukwa na madirisha ya biashara ya ngono. Asubuhi pamelala ila hapajafungwa kabisa. Na watoto, kaeni upande wa magharibi.

Bi_Makumbusho

Naheshimu njia ya Mfereji_wa_Tatu lakini napingana na Centraal. Mama watoto ametaka Rijksmuseum, na ndiye mwenye viza ya kulipia euro 90. Apewe haki yake.

Msipande treni. Basi la 397 linaondokea nje ya Schiphol Plaza na kuwashusha karibu na Rijksmuseum kwa kama nusu saa. Jumba linafunguliwa saa 3:00 asubuhi kila siku ya mwaka. Tiketi ya mtu mzima ni kama euro 25, chini ya miaka 18 bure, ila kila mtoto lazima awe na tiketi yake ya bure na wote mchague saa ya kuingia mtandaoni. Kuingia saa 3:15 maana yake ukumbi wa juu haujajaa. Kabati la makoti ni bure, lakini mabegi makubwa ya safari hawapokei. Ndiyo sababu ya pili ya kuyaacha Schiphol.

Familia nyingi zinaharibu kwa kuanza ghorofa ya chini na kwenda kwa mpangilio. Na mtoto wa miaka 3 mna dakika 75. Pandeni moja kwa moja ghorofa ya 2, Ukumbi wa Heshima. Mwishoni kabisa kuna mchoro wa Rembrandt uitwao Lindo la Usiku (Night Watch), wa 1642, upana zaidi ya mita 4. Tangu 2019 unafanyiwa utafiti na ukarabati mbele ya watazamaji, ndani ya chumba cha kioo, kwa hiyo msishangae mkikuta vyombo mbele yake. Njiani kwenye ukumbi huohuo kuna michoro ya Vermeer, pamoja na ule wa mwanamke anayemimina maziwa. Ghorofa hiyohiyo kuna nyumba za wanasesere za karne ya 17, zenye sahani na viti vidogo vya kweli. Wa miaka 9 mpelekeni hapo kabla hajachoka. Shukeni, mmemaliza. Kabla ya saa 5:00 mko nje, na kuna boti zinazoondokea mferejini karibu tu na jumba. Kisha 397 tena kurudi.

Angalizo moja: chini ya jengo kuna njia ya wazi inayopita katikati. Ni barabara ya baiskeli, na hawapunguzi mwendo kwa ajili ya mgeni anayepiga picha.

Mama_Mbeleko

Wote wamezungumza kama watoto ni mabegi. Niongeze ya watoto.

Mnatoka Dar kwenye nyuzi 30, mnashukia Amsterdam ambako asubuhi ya Aprili inaweza kuwa nyuzi 6 na upepo. Makoti yakiwa kwenye sanduku kubwa, hamtayaona hadi Minneapolis. Kila mtoto awe na sweta, koti la mvua na soksi za akiba kwenye begi la mkononi. Mwavuli acheni, upepo wa pale unaugeuza.

Kigari: mkikikabidhi mlangoni pa ndege Dar, ombeni lebo ya kukirudisha mlangoni pa ndege Amsterdam. Wasipobandika hiyo, kitapelekwa moja kwa moja Minneapolis na mtabeba mtoto kutwa. Hata kikifika, madaraja ya mifereji yana mwinuko, njia za miguu ni nyembamba na zimejaa baiskeli zilizoegeshwa, na mawe yanatikisa magurudumu madogo. Mbeleko au kanga inafanya kazi vizuri zaidi katikati ya mji. Kingo za mifereji nyingi hazina reli. Wa miaka 3 ashikwe mkono upande wa nyumba, siyo upande wa maji.

Baiskeli ndiyo hatari kubwa kuliko magari. Njia yake kwa kawaida ni lami nyekundu, na watu wa kwetu huifikiria kuwa kijia cha waenda kwa miguu. Siyo. Mkishuka tramu, mara nyingine mlango unafungukia kwenye njia hiyo: tazameni kulia na kushoto kabla ya mtoto kukanyaga.

Chakula: wenyeji wengi wenye asili ya Uturuki na Moroko, na baadhi ya wenye asili ya Suriname, ni Waislamu, kwa hiyo halali haisumbui. Tafuteni mkahawa wa Kisuriname mwenye roti ya kuku na viazi. Kwa ulimi wa pwani hiyo ni nyumbani, ila ulizeni halali mlangoni, wapo wasiouza. Chipsi nene za kwenye koni ya karatasi zinashibisha watoto. Ulizeni mafuta ni ya mimea au ya wanyama. Frikandel, ile soseji isiyo na ngozi, iacheni kabisa, kawaida inachanganywa nguruwe. Stroopwafel ya moto na poffertjes, vitafunio vitamu vya huko, hazina nyama. Na mtu akitaka kahawa atafute mahali palipoandikwa café au koffie. Coffeeshop ni duka la bangi na mtoto haruhusiwi hata kuvuka mlango. Keki za kuvutia dirishani kwenye mitaa hiyo, msinunue bila kuuliza kilichomo.

Choo: cha kituoni ni cha kulipia kwa kadi. Cha treni na cha jumba la makumbusho ni bure. Tumieni cha Schiphol kabla ya kushuka kwenye treni.

La mwisho, begi kutoka Dar. Mkitoka nje mnapita forodha ya Ulaya. Nyama na maziwa hayaruhusiwi, hata samli ya bibi. Matunda mabichi nayo yanadai cheti, isipokuwa machache kama nanasi, ndizi, nazi na tende. Embe halimo. Makabati yale yako baada ya forodha, siyo kabla, kwa hiyo hamwezi kuyaficha humo. Na mkirudi ndani, asali, achari na manukato ya zaidi ya mililita 100 vinabaki kwenye ukaguzi. Hivyo vyote viingie sanduku kubwa mkiwa Dar, ila nyama na embe hata Marekani havitapokelewa, hivyo vileni hukohuko.

Baba_Watatu

Nimeelewa, ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Tarehe ni 27 Aprili, kumbe ndiyo hiyo Siku ya Mfalme. Na kama viza ya mke wangu itakataliwa, tufanyeje?

Pasi_na_Muhuri

Ikikataliwa, mnaweza kugawana. Wewe na wawili wakubwa mtoke, mama na mdogo wabaki eneo la kuunganisha ndege. Hakikisheni kila mtu ana pasi yake ya kupandia ndege mkononi kabla hamjaachana, siyo zote tano kwenye simu ya baba. Ndani, Rijksmuseum ina tawi dogo la bure pale Holland Boulevard, kati ya gati za E na F, lenye michoro halisi, na jirani yake kuna maktaba ya kukaa. Kuna pia hoteli ndani ya eneo hilo, upande wa ndani wa uhamiaji, zinazokodisha vyumba vidogo kwa saa. Kwa mtoto aliyelala vibaya usiku kucha, kitanda hicho kinaweza kuwa bora kuliko mfereji.

Reli_ya_Chini

27 Aprili basi. Siku hiyo tramu haziingii katikati ya jiji, mabasi yanageuzwa njia, na kuanzia saa 5 asubuhi treni za kuingia Amsterdam zinajaa watu wa rangi ya chungwa. Boti za kawaida za kitalii nyingi hazifanyi kazi kwa sababu mifereji inajaa boti za sherehe. Njia ya Dam na Westermarkt iondoeni. Kama shirika la ndege linaruhusu kusogeza siku bila gharama kubwa, sogezeni.

Kama haiwezekani, safari hii pandeni treni ya Amsterdam Zuid kwa makusudi. Hapo shikeni metro ya 52, mshuke kituo cha De Pijp. Msipange kuendelea hadi Vijzelgracht au Rokin, siku hiyo metro inaweza kupitiliza vituo vya katikati. Kutoka De Pijp hadi Rijksmuseum ni kama kilomita moja kwa miguu. Angalieni ratiba kwenye programu ya simu ya NS, shirika la reli, asubuhi yenyewe, maana wanabadilisha.

Bi_Makumbusho

Rijksmuseum hufunguliwa hata siku hiyo, na saa 3 asubuhi wenyeji wengi bado wako kitandani baada ya usiku wa sherehe. Lakini kwa familia yako kuna kitu bora hatua chache kutoka hapo: Vondelpark. Siku ya Mfalme kila mtu anaruhusiwa kuuza vitu vyake barabarani, na bustani hiyo imeachiwa watoto. Wanatandika mablanketi tangu asubuhi, wanauza midoli yao ya zamani, wengine wanapiga fidla, wengine wameweka michezo ya kurusha mipira kwa senti chache. Chenji ya sarafu mwe nayo, hapo kadi haisaidii. Vunjeni noti Schiphol kwa kununua maji. Wa miaka 9 mpeni euro 5 aamue mwenyewe.

Jumba saa 3:15 hadi 4:15, bustani hadi saa 5:15, kisha De Pijp na Zuid mkiwa mnapishana na umati unaoingia. Mkisubiri saa 6 mtakuwa mnapambana nao kwenye ngazi za metro mkiwa na mtoto mgongoni.

Mama_Mbeleko

Na muandikieni mtoto wa miaka 3 namba ya simu ya baba mkononi kwa kalamu isiyofutika, ikianza na +1.